Uchumi wa Marekani ukitazamwa kutoka Kentucky: jibu kwa mfanyakazi wa kiwanda cha vipuri

Swali: Habari za kazi, mwalimu. Ninaishi Lexington, Kentucky, mwaka wa saba sasa, pamoja na mke wangu na watoto wanne, na ninafanya kazi katika kiwanda kinachotengeneza vipuri vya magari. Tangu mwaka jana saa za ziada zimepungua, na vijana walioletwa na wakala wa ajira wameondolewa karibu wote. Hata hivyo, kila nikifungua habari nasikia kwamba uchumi wa Marekani unakua na watu wananunua. Shemeji yangu aliye Dallas ananihimiza nihamie huko na familia. Nimwamini nani: habari, macho yangu au shemeji? Na mtu kama mimi atajuaje mwaka ujao utakuwaje?

Jibu: Ndugu yangu, habari unazosikia ni za kweli, na uliyoyaona kiwandani ni ya kweli vilevile. Hayapingani, kwa kuwa habari zinazungumzia jumla ya nchi nzima, nayo jumla hiyo inaweza kukua hata wakati kanda moja imesimama, mradi kanda nyingine imepiga hatua kubwa zaidi. Kwa hiyo swali la "uchumi wa Marekani unakwendaje" lina manufaa madogo kwa mtu aliye katika nafasi yako. Swali lenye manufaa ni hili: eneo ninaloishi linaishi kwa kuuza kitu gani, na mnunuzi wa kitu hicho anakinunua kwa fedha zake mwenyewe au kwa mkopo? Nitalijibu kwa urefu, kwa sababu uamuzi unaoukabili ni mzito na unawahusu watoto.

Hata waliounda Benki Kuu ya Marekani walilijua jambo hili. Sheria ya 1913 haikuanzisha benki moja iliyokaa Washington na kuamrisha kutoka huko. Iliigawa nchi katika kanda 12, kila kanda na benki yake, kutoka Boston hadi San Francisco. Ramani yenyewe ilichorwa mwaka 1914 na haijabadilika sana tangu hapo, ndiyo maana jimbo la Missouri peke yake lina makao makuu ya kanda mbili, St. Louis na Kansas City, wakati kanda ya San Francisco imebeba majimbo tisa ya magharibi. Kentucky yako imekatwa vipande viwili: Lexington na upande wa mashariki viko chini ya Cleveland, Louisville na upande wa magharibi viko chini ya St. Louis. Mara nane kwa mwaka, takriban wiki mbili kabla ya kikao cha kupanga riba, benki hizo hutoa ripoti iitwayo Beige Book, ambayo msingi wake ni mazungumzo na wenye viwanda, wafanyabiashara, mabenki na wakulima wa kila kanda kuliko takwimu. Inapatikana bure kwenye intaneti. Sehemu ya Cleveland ni kurasa chache tu, nami ningekushauri uisome hiyo kabla ya kusikiliza saa nzima ya habari za taifa, kwa sababu ndiyo inayozungumza juu ya ukanda unaouza bidhaa kama yako.

Tofauti baina ya kanda si jambo la miaka hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Benki Kuu chini ya Paul Volcker ilipandisha riba hadi karibu asilimia 20 ili kuuvunja mfumuko wa bei. Wajenzi wa nyumba walimtumia vipande vya mbao kwa posta kuonyesha kwamba hawana pa kuvitumia, na wauzaji wa magari wakamtumia funguo za magari yasiyopata wanunuzi. Mwishoni mwa 1982 watu wasio na kazi walifikia asilimia 10.8 kwa nchi nzima, lakini Michigan, iliyoishi kwa magari, ilikuwa imepita asilimia 16. Texas wakati huo ilikuwa na nafuu kwa sababu ya mafuta, na maelfu ya watu wa Michigan walifunga mizigo kwenda Houston. Kisha mwanzoni mwa 1986 bei ya mafuta ilianguka kwa zaidi ya nusu katika miezi michache, benki za Texas zikafilisika moja baada ya nyingine, na baadhi ya waliohamia wakajikuta na nyumba zisizouzika. Ninakukumbusha hayo mapema ili tukifika kwa shemeji yako tuwe na kumbukumbu mbele yetu.

Sasa tuje kwako. Barabara kuu ya I-75 inayotoka Michigan ikipita Toledo, Dayton, Cincinnati na Lexington hadi Knoxville na Atlanta ndiyo uti wa mgongo wa viwanda vya magari vya Marekani. Kwa muda mrefu viwanda hivyo vilijikusanya Detroit na miji ya jirani, lakini kuanzia miaka ya 1980 kampuni za kigeni zilijenga kusini zaidi: Nissan huko Smyrna, Tennessee, mwaka 1983, Toyota huko Georgetown, kaskazini tu ya mji wako, mwaka 1988, BMW huko Spartanburg, South Carolina, mwaka 1994. Zilifuata ardhi ya bei nafuu, misaada ya kodi kutoka kwa majimbo, na mahali ambapo vyama vya wafanyakazi havikuwa na nguvu. Viwanda vya vipuri vilizifuata, kwa kuwa utaratibu wa kisasa unataka kipuri kifike saa chache kabla ya kufungwa kwenye gari. Faida ya utaratibu huo ni kwamba hakuna ghala la kulipia. Hasara yake inamwangukia mtu kama wewe, maana gari likipungua kuuzwa leo, agizo la kipuri hupungua karibu siku hiyohiyo. Hakuna ghala la kukupa pumzi.

Na gari, ndugu yangu, ni bidhaa inayonunuliwa kwa mkopo. Bei ya wastani ya gari jipya Marekani imekaribia dola 50,000, na watu wengi huligawa deni hilo katika miezi 72, wengine hata 84. Benki Kuu ilipopandisha riba yake mara 11 kati ya Machi 2022 na Julai 2023, kutoka karibu sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50, mnunuzi wa gari aliumia kwa bei na kwa riba kwa pamoja. Benki hiyo ilikuwa na sababu yake, kwani mfumuko wa bei ulikuwa umefika asilimia 9.1 mwezi Juni 2022, wakati lengo lake ni asilimia 2. Lakini dawa ile moja ilinywewa na nchi nzima, na viwanda ndivyo vilivyohisi uchungu wake kwanza. Kipimo cha kila mwezi kinachotokana na kuwauliza mameneja wa ununuzi wa viwandani, ambacho chini ya 50 humaanisha shughuli zinapungua, kilikaa chini ya 50 kwa sehemu kubwa ya kipindi cha kuanzia mwisho wa 2022 hadi 2025. Habari za taifa hazikulipa jambo hili uzito kwa sababu viwanda ni kama sehemu moja ya kumi tu ya pato la nchi. Kwako ni sehemu kumi kati ya kumi.

Juu ya riba ukaja ushuru. Mwaka 2025 serikali ilitoza asilimia 25 kwa chuma na aluminiamu kutoka nje mwezi Machi, ikaupandisha hadi asilimia 50 kwa nchi nyingi mwezi Juni, na magari ya kutoka nje pamoja na baadhi ya vipuri navyo vikatozwa ushuru. Ni haki kukubali kwamba wako walionufaika: viwanda vya chuma vya Indiana, Ohio na Pennsylvania vilipata ulinzi walioulilia kwa miaka mingi, na mtu aliyeshuhudia miji kama Youngstown ikipoteza chuma chake tangu 1977 hawezi kukidharau kilio hicho. Lakini kwa hesabu yangu, wafanyakazi wanaotumia chuma kutengeneza kitu kingine ni wengi kuliko wanaokiyeyusha, na kiwanda chako kiko katika kundi la kwanza. Chuma kikipanda, kampuni ndogo ya vipuri haina uwezo wa kumwamrisha mtengenezaji mkubwa wa magari alipe zaidi; inakata pale inapoweza kukata, na pa kwanza ni saa za ziada.

Kentucky pia imepata kipigo ambacho Texas haikukijua. Karibu bourbon yote ya dunia, yaani whisky ya Kimarekani ya mahindi, hutengenezwa jimboni kwako. Umoja wa Ulaya ulipolipiza kisasi cha ushuru mwaka 2018, uliitoza whisky ya Marekani asilimia 25, na mwezi Machi 2025 majimbo ya Kanada yaliziondoa pombe za Kimarekani kwenye rafu za maduka yao ya serikali. Kuna mkulima wa mahindi na fundi wa mapipa ya mwaloni ambao wameumizwa na ugomvi wa ushuru. Nao hununua chakula na magari hapohapo Kentucky.

Hapa ndipo linapoingia jambo la mnunuzi, ambalo ndilo kiini cha habari njema unazozisikia. Matumizi ya watu binafsi ni zaidi ya theluthi mbili ya pato la Marekani, hivyo mnunuzi akisimama, nchi husimama. Hajasimama. Lakini ni mnunuzi gani? Mwaka 2020 na 2021 serikali iligawa fedha kwa kaya, dola 1,200, kisha 600, kisha 1,400 kwa mtu, na ulipaji wa mikopo ya wanafunzi ukasitishwa hadi Oktoba 2023. Akiba ile iliwabeba watu wa kipato cha chini na cha kati kwa muda, kisha ikaisha, na deni la kadi za mkopo likavuka dola trilioni 1 mwaka 2023, kwa riba inayozidi asilimia 20. Wakati huohuo wenye hisa na nyumba waliona mali zao zikipanda. Kwa makadirio yaliyotajwa sana mwaka 2025, asilimia 10 ya kaya zenye kipato kikubwa zaidi zinafanya karibu nusu ya matumizi yote ya nchi. Hoteli za kifahari zinajaa, na maduka ya bei nafuu yanasema wateja wao wanahesabu senti. Ukichanganya wawili hao unapata wastani unaopendeza, na wastani huo ndio unaosomwa kwenye habari.

Nyumba nazo zimewagawa watu kwa namna ambayo pengine hujaifikiria. Mkopo wa nyumba wa Marekani kwa kawaida hufungwa kwa riba moja kwa miaka 30. Aliyekopa mwaka 2020 au 2021 kwa chini ya asilimia 3 analipa kiasi hicho hadi mwisho, hata kama jirani yake aliyenunua Oktoba 2023 alikuta karibu asilimia 8. Wa kwanza hataki kuuza, kwa sababu akihama atalipa riba ya leo. Nyumba zinakuwa chache sokoni, na bei haishuki. Wengi hudhani Benki Kuu ikishusha riba yake, mikopo ya nyumba nayo itashuka siku hiyo. Ilianza kushusha Septemba 2024, wakati riba ya nyumba ilipokuwa karibu asilimia 6, na kufikia Januari 2025 riba hiyo ilikuwa imepanda hadi kuvuka 7, kwa sababu mkopo wa miaka 30 hufuata mawazo ya wawekezaji juu ya miaka mingi ijayo. Kufikia Desemba 2025 riba ya Benki Kuu ilikuwa imeteremka hadi kati ya asilimia 3.50 na 3.75. Mikopo ya magari hupata nafuu, lakini polepole. Nakusihi usipange maisha yako kwa kutegemea kwamba riba za 2021 zitarudi; sioni dalili yake.

Basi shemeji yako. Hasemi uongo. Texas imeongeza watu kiasi kwamba baada ya sensa ya 2020 ilipata viti viwili zaidi bungeni, wakati Ohio, Pennsylvania na Michigan zilipoteza kimoja kimoja. Dallas na Fort Worth hazitegemei mafuta peke yake kama Texas ya 1986: zina mabenki, ofisi, maghala na viwanja vya ndege. Hata Toyota ilipohamishia makao yake makuu ya Amerika Kaskazini Plano, jirani na Dallas, mwaka 2017, ilichukua pia ofisi zilizokuwa Erlanger, Kentucky. Kwa mtu anayeanza maisha akiwa peke yake, ningesema aende.

Wewe una watoto wanne, kwa hiyo tupige hesabu. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Kentucky inatoza asilimia 3.5 tangu Januari 2026, na Lexington yenyewe inakata asilimia 2.25 ya mshahara. Tuseme unapata dola 45,000 kwa mwaka: makato yote mawili ni kama dola 200 kwa mwezi. Hiyo ndiyo zawadi ya Texas. Sasa ulizia pango la nyumba ya vyumba vitatu huko na ulilinganishe na lako. Tofauti ikizidi dola 200, zawadi imekwisha kabla hujalipia mafuta ya gari na barabara za kulipia. Usisahau kwamba jimbo lisilotoza mapato huchukua fedha zake kwenye kodi ya majengo, ambayo Texas ni miongoni mwa zilizo juu nchini, na mwenye nyumba huiingiza ndani ya pango. Kima cha chini cha mshahara ni kilekile katika majimbo yote mawili, dola 7.25, hakijabadilika tangu Julai 2009.

Jambo ambalo shemeji huenda hakulitaja, na ambalo mimi naliona kubwa kuliko kodi, ni la siku mbaya. Kentucky iliipanua bima ya afya ya Medicaid mwaka 2014 kwa watu wazima wenye kipato kidogo, Texas haikuipanua. Masharti yanazidi kukazwa kila mahali, na hadhi ya uhamiaji nayo huhesabiwa, lakini baba wa watoto wanne anayepoteza kazi Lexington ana nafasi ya bima ambayo Dallas haipo. Kwa upande mwingine, malipo ya mtu asiye na kazi hudumu hadi wiki 26 Texas, ilhali Kentucky, kwa sheria ya 2022, hutoa kati ya wiki 12 na 24 kulingana na hali ya ajira jimboni, na ajira zikiwa nzuri jimboni wiki zako huwa chache. Weka yote mawili kwenye mizani moja.

Kuhusu viwanda vya kesho, kuna maneno mengi na ujenzi mwingi. Sheria mbili za Agosti 2022, moja ya chipu za kompyuta na nyingine ya nishati, zilifanya matumizi ya kujenga viwanda yapande karibu mara tatu kati ya 2021 na 2024, kabla ya kuanza kupungua. TSMC, kampuni ya Taiwan ya kutengeneza chipu, inajenga Phoenix, Arizona. Majengo ya kuhifadhi data yanajaa kaskazini mwa Virginia, Ohio ya kati na Texas. Mnunuzi wa majengo hayo ni kampuni kubwa zinazolipa sehemu kubwa kwa fedha zao, hivyo riba haikuzizuia. Lakini jengo la data likikamilika huajiri watu wachache sana. Ajira iko kwa fundi umeme, fundi wa mabomba na fundi wa mitambo ya kupoza hewa, na upungufu wa mafundi hao ni wa kweli. Magari ya umeme ni habari nyingine: punguzo la kodi la dola 7,500 kwa mnunuzi lilikoma tarehe 30 Septemba 2025, na mipango mingi ya betri, ikiwemo ya Kentucky, imepunguzwa au kubadilishwa. Kama kuna kijana katika familia anayeuliza asomee nini, ningemwelekeza kwenye ufundi umeme katika chuo cha jamii cha hapohapo Lexington kabla ya kumpeleka jimbo lingine.

Umeuliza utajuaje. Tayari umeona dalili mbili za mwanzo, na umezisoma vizuri: viwanda hupunguza kwanza saa za ziada, kisha watu wa wakala, na mwisho kabisa wafanyakazi wa kudumu, kwa sababu kumfundisha mtu upya ni gharama. Kurudi kwao hufuata mpangilio huohuo, kwa hiyo siku utakapoona wakala analeta sura mpya, hiyo ni habari njema hata kama gazeti linasema vingine. Pita pia kwa wauzaji wa magari na utazame uwanja: magari mengi ya mfano uleule yakikaa wiki nyingi, maagizo yatapungua. Na ujue haki yako: kwa sheria ya shirikisho ya 1988, mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi anapofunga kiwanda au kuwaachisha watu wengi kwa pamoja anatakiwa kutoa taarifa siku 60 kabla. Taarifa hizo huchapishwa na jimbo, na unaweza kuzisoma.

Katika miezi hii ya saa chache, lipa kwanza deni la kadi, kwa kuwa hakuna akiba inayokupa asilimia 20. Na kama unatuma fedha nyumbani, tangu Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa anayelipia kwa fedha taslimu. Anayetuma kutoka akaunti yake ya benki au kwa kadi iliyotolewa Marekani haitozwi. Kwa familia inayotuma dola 300 kila mwezi ni dola 36 kwa mwaka ambazo hazina sababu ya kutoka mfukoni mwako.

Lakini kabla ya kumjibu shemeji, kuna swali moja ambalo mimi siwezi kukujibia na msimamizi wako wa zamu anaweza: vipuri vyenu vinaingia kwenye gari gani? Toyota Camry ya kuanzia mfano wa 2025, inayoundwa Georgetown, huuzwa kwa injini ya mseto wa petroli na umeme peke yake, na magari ya aina hiyo yana wanunuzi wengi kwa sababu yanapunguza gharama ya mafuta bila kumlazimu mtu kutafuta chaji. Kama kipuri chenu kinakwenda huko, ningebaki Lexington mwaka huu na kuvumilia saa chache. Kama kinakwenda kwenye gari la umeme lililopunguzwa uzalishaji, au kwenye mfano unaohamishiwa kiwanda kingine, anza kutafuta sasa, ungali na mshahara, na uanzie viwanda vingine vya I-75 ambako ujuzi wako unajulikana. Dallas iwe ya tatu katika orodha, na uende kwanza peke yako kwa wiki mbili, ukae kwa shemeji, uulize pango na bima kwa mdomo wako mwenyewe.